Chesi, bao au drafti: upi uingie darasani?

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa upande wa Igoma alinipigia simu. Kuna msamaria anataka kuisaidia shule yao, na amewapa nafasi ya kuchagua: seti kumi za chesi au madawati. "Wewe ndiye mtu wa chesi, mwalimu. Nimjibuje?" Nikamwambia achukue madawati. Akacheka, akadhani namtania.

Sikuwa namtania. Chesi naipenda, na huu ni mwaka wa sita naitumia kufundishia watoto wa darasa la tatu hadi la sita, kwenye shule ya msingi ya serikali huku Ilemela, Mwanza. Ila seti za dukani sijawahi kuzihitaji sana, na si kila kipindi kinachodai chesi. Viko vipindi ambavyo bao la mashimo ya uwanjani linaishinda chesi mchana kweupe. Viko vingine ambavyo drafti ya vizibo, ile ile ya kijiweni, inatosha kabisa. Kwa hiyo badala ya kumjibu kila mtu kwa simu, naiweka hapa michezo hii mitatu pamoja. Mtu aangalie somo lake na watoto wake, achague.

Kwanza, ile ahadi ya akili

Wanaopigia debe chesi shuleni huanza na maneno haya haya: chesi inaongeza akili, mtoto akiicheza atapanda Hisabati. Hata mimi niliyasema, tena mbele ya wazazi kwenye kikao. Siku hizi siyasemi.

Uingereza walilipima jambo hili kwa upana. Walichukua shule 100 zenye watoto zaidi ya 4,000 wa miaka tisa na kumi. Nusu ya shule wakazipelekea mwalimu wa chesi kwa saa 30 hivi ndani ya mwaka wa masomo, nusu nyingine zikaendelea na mambo yake. Mwaka mmoja baadaye wakalinganisha alama za Hisabati, na tofauti haikuonekana. Ripoti yake ilitoka mwaka 2016. Zipo tafiti nyingine zilizoona faida, hasa pale watoto walipopata saa 25 au zaidi. Shida ni kwamba nyingi kati ya hizo ziliwalinganisha watoto wa chesi na watoto ambao hawakupewa kitu chochote kipya. Mtoto ukimpa kitu kipya, hata ngoma, lazima achangamke.

Sababu inaelezwa vizuri na jaribio la zamani zaidi. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, walimwonyesha bingwa wa chesi mchezo halisi ulioachwa katikati. Sekunde tano tu, wakauficha, wakamwambia aupange upya. Akawaacha mbali wachezaji wa kawaida. Kisha wakazitawanya kete ovyo, bila mpangilio wa mchezo wowote, wakamwonyesha tena. Safari hii bingwa akawa kama mwanagenzi. Kumbe kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, ilikuwa imejaa chesi tu. Ni kama mvuvi wa Kayenze: usiku wa giza anajua jiwe liko wapi chini ya maji, lakini mpe hesabu za duka la jirani yake uone kama hatakuna kichwa kama wewe.

Kwa hiyo mtu akikutajia Phiona Mutesi, binti wa Katwe kule Kampala aliyetoka kwenye ufukara hadi Olimpiadi ya chesi, au Tunde Onakoya wa Nigeria, aliyecheza saa 60 mfululizo pale Times Square, New York, mwezi Aprili 2024, wape heshima wanayostahili. Ila hizo ni habari za klabu, kocha na miaka mingi ya jasho. Mimi naongelea kipindi cha dakika arobaini, darasa la watoto 87, na mada iliyoandikwa kwenye andalio la somo.

Mchezo unaokubali kusimama

Miaka yangu miwili ya kwanza niliendesha chesi kama kipindi cha michezo. Watoto walicheza, wakapiga kelele, wakafurahi, kengele ikalia. Kesho yake kwenye Hisabati hakuna aliyekumbuka kwamba jana kutwa alikuwa akitembea juu ya grafu.

Mambo yalibadilika kwa bahati tu. Ilikuwa Machi, mvua ikashuka juu ya bati. Mnaofundisha huku mnajua: bati bila dari, mvua ya ziwani, hata ukipasua koo mtoto wa dawati la mbele hakusikii. Mbao zilikuwa zimeshapangwa na michezo imefika katikati. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni: "Simamisha. Andika farasi wako yuko wapi, anaweza kwenda wapi, na kwa nini humpeleki." Wakaandika. Dakika ishirini za mvua zilinipa madaftari ya kusahihisha yenye maana kuliko miezi yote ya kucheza. Mmoja aliandika: "Farasi wangu yuko kwenye kona kwa hiyo ana njia mbili tu. Angekuwa katikati angekuwa na nane. Nilimweka huko nikidhani amejificha." Huyo alikuwa mtoto wa darasa la nne ambaye kwenye insha hajawahi kunipa zaidi ya mistari mitatu.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Siulizi tena mchezo upi ni mgumu au una heshima. Nauliza upi unakubali kusimamishwa katikati, mtoto akanieleza anachokiona.

Kwa kipimo hicho chesi iko mbele. Ukisema "simama", kila kete inabaki mahali pake, kila moja ina jina lake na mwendo wake, na kila mraba una anwani. Mchezo unaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa na kurudiwa wiki ijayo. Drafti nayo husimama, ila kete zake zinafanana. Mtoto akishasema "hii inakula ile" amemaliza. Bao halisimami kabisa. Katikati ya kusambaza, yaani kudondosha kete moja moja shimo kwa shimo, kete ziko mkononi. Mwambie mtoto asimame, akikugeukia kujibu ameshasahau alianzia shimo gani, na mwenzake ameshaanza kulalamika kwamba anaibiwa. Lakini bao lina dakika moja ya dhahabu, ile ya kabla ya kushika kete, na ndiyo inayolipa ushindi kwenye somo linalofuata.

Hisabati: hadi darasa la nne, chukua bao

Huku kwetu bao si mgeni. Wasukuma wana isolo yao, Waganda ng'ambo ya ziwa wana omweso, na bao la Kiswahili kila mtu amewahi kuliona chini ya mti fulani. Safu nne za mashimo manane manane, mashimo 32, kete 64. Uwanja wa shule ukiwa na udongo, dakika tano za kuchimba zinatosha. Na kokoto, Mwanza haijawahi kupungukiwa na mawe.

Zoezi langu ni hili. Upande wa kila mtoto una mashimo 16, manane ya mbele na manane ya nyuma. Tunayapa namba: ya mbele kutoka kushoto kwenda kulia, 1 hadi 8. Kisha tunageuka na kurudi kwa safu ya nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, 9 hadi 16. Sheria moja tu: mikono mgongoni mpaka useme kete ya mwisho itaangukia wapi. Ukikosea, zamu inahama.

Uko shimo la 3, lina kete 5. Ya mwisho itaangukia la 8. Lingekuwa na kete 7 ungefika la 10, yaani umeshageuka kona. Hapa watoto wa darasa la tatu huanza kutikisa vichwa wakihesabu kwa macho. Siwakatazi, wanachokatazwa ni kidole. Kisha wapeleke shimo la 12 lenye kete 9. Kumi na mbili na tisa ni 21, na shimo la 21 halipo. Palikuwa na binti mmoja, mdogo kuliko wote kwenye kundi lake, mikono mgongoni, anayasoma mashimo kwa kidevu kama anayehesabu mbuzi wa jirani. Akatulia, akasema, "La tano." Nikamwuliza amejuaje. "Ni kama saa, mwalimu. Ikipita kumi na mbili inaanza moja. Hii inapita kumi na sita." Nimesomea ualimu miaka, na somo hilo sijawahi kulisikia likielezwa kwa maneno machache hivyo.

Wiki hiyo hiyo kijana mwingine aliniletea jambo ambalo mwenyewe sikuwa nimeliona. Shimo la mbele ukilijumlisha na la nyuma yake, jibu ni 17 daima: 1 na 16, 2 na 15, 8 na 9. Alikuwa analitumia kuhesabu haraka huku wenzake wakihangaika.

Tahadhari: hilo ni tawi moja tu la bao. Bao la Kiswahili lenyewe, na namua yake (hatua ya kuingiza kete za mkononi) na mtaji wake (hatua ya kucheza zilizo ubaoni), si la kipindi kimoja. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, halafu kuna nyumba yenye masharti yake, kuna kichwa na kimbi, mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kuna kutakata, yaani kucheza bila kula. Mwalimu asiyelijua akijaribu kulifundisha lote ataumbuka mbele ya watoto ambao babu zao wanalicheza. Anzeni na kusambaza tu.

Kuanzia darasa la tano mizani inageuka, chesi inaanza kudai kipindi. Kete zina thamani inayokubalika na wachezaji: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Mfalme hauziki. Jeshi zima bila mfalme ni 39, na ukiwapa watoto walitafute hilo jibu wenyewe umepata zoezi la mabano bila kulitaja. Farasi wawili kwa ngome moja: nani kapata hasara? Hawa ni watoto wanaokwenda sokoni na mama zao, hawasubiri mwalimu awaeleze hasara ni nini.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la miraba. "Ubao huu una miraba mingapi?" Wote: "Sitini na nne!" Nanyamaza. Baada ya muda mmoja anaona kwamba ubao mzima nao ni mraba. Mwingine anaona ile ya mbili kwa mbili. Kufikia mwisho wa kipindi, wanaovumilia wanafika 204, yaani 64, 49, 36, 25, 16, 9, 4 na 1 zikijumlishwa. Wasiofika hubeba swali nyumbani.

Na kuna lile la kuongeza mara mbili: punje moja mraba wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu. Kwenye vitabu huwa ni ngano. Sisi tulitumia kopo la dagaa wakavu tuliloazima kwa mama lishe wa getini. Safu ya kwanza ilikwisha salama: mraba wa 8 una dagaa 128, jumla 255. Mraba wa 9 unataka dagaa 256, na hapo mama lishe akaanza kuchungulia dirishani. Tukamalizia kwa chaki. Mraba wa 21 peke yake unataka dagaa 1,048,576. Mtoto mmoja ambaye baba yake anapakia magunia pale Mwaloni, Kirumba, alikadiria kwa sauti ni magunia mangapi, na ubishi ukahamia hadi mapumziko. Jumla ya miraba yote 64 ni 18,446,744,073,709,551,615. Niliiandika ubaoni nikawaambia waisome kwa maneno. Hakuna aliyemaliza, na mimi nilijikwaa njiani.

Drafti kwenye Hisabati ina kazi moja nzuri: sehemu. Kete 24 kwenye miraba 64 ni tatu ya nane, na kila mbili zikiliwa sehemu inabadilika. Zaidi ya hapo sijaona.

Ramani: askofu wa Mwanza hafiki Bukoba

Hapa chesi haina mpinzani, kwa sababu ya anwani zake. Safu wima zina herufi a hadi h, safu mlalo zina namba 1 hadi 8. Mtoto anayesema "farasi yuko c3" ameshafanya kile ambacho ramani itamdai baadaye: soma mlalo, soma wima, taja mahali.

Nilichofanya ni kuchora Ziwa Victoria juu ya ubao wa chesi, kwenye boksi kubwa la friji. Kusini chini, kaskazini juu. Kwa namna nilivyochora mimi, Mwanza iliangukia d2, Musoma f4, Bukoba a4, na Kisumu kule pembeni h7. Kisha kete zikawa vyombo vya usafiri, na swali likawa: nani anafika wapi, kwa hatua ngapi?

Askofu huenda mshazari. Kutoka d2 hadi f4 ni mshazari mtupu, kwa hiyo Mwanza hadi Musoma anafika kwa hatua moja. Wakampongeza. Sasa Bukoba. Wakamzungusha, wakamrudisha, wakampitisha Musoma. Hafiki. Kelele zikazidi: "Mwalimu, askofu wa Mwanza hafiki Bukoba!" Darasa zima likacheka, kwa sababu maaskofu tunao kweli pande zote mbili na safari hiyo wanaifanya. Nikawaacha wacheke, kisha nikawaambia waniandikie sababu. Ilichukua vipindi viwili. Jibu ni rangi: d2 ni mraba mweusi, a4 ni mweupe, na askofu habadilishi rangi maisha yake yote. Ngome, anayekwenda wima au mlalo, anafika kwa hatua mbili. Farasi, anayeruka miraba miwili kisha mmoja kando, anafika kwa tatu, kupitia c4 na b2, na aliyeipata njia hiyo aliichora ukutani kwa nyuma ya choo, jambo ambalo lilibidi nilishughulikie kama mwalimu wa zamu.

Kwa njia hiyo tukapata pande za dunia, umbali, na kwamba ziwa linagawanywa na nchi tatu. Hata wale wasiojali chesi waliishika ramani. Jaribu kufanya hivyo kwa bao: mashimo hayana kaskazini. Drafti ingeweza kiasi, ila kete zinazokwenda mshazari tu zinafanya nusu ya ziwa isifikike, na utani huo huisha haraka.

Kiswahili: inategemea unafundisha nini

Kwa msamiati, bao linawaacha wenzake mbali. Kula, kulala, kutakata, namua, mtaji, nyumba, kichwa: kila neno lina maana ya barabarani na maana ya baoni, na mtoto akilipata la pili anaanza kuuliza la kwanza limetoka wapi. Siku moja nilimwalika mzee mmoja wa mtaani aje kuwaonyesha. Watoto wakasimama: "Shikamoo babu!" "Marahaba wajukuu zangu." Akakaa, akacheza, na kwa saa nzima akawa anaongea na kete kuliko na watoto. Akiishiwa pa kwenda akasema, "Nimelala." Mtoto mmoja akamwuliza kwa adabu kama tumtandikie. Nusu ya somo la maana fiche ilimalizika hapo.

Kwa sarufi na insha, chesi. Nitataja jambo moja tu kwa sababu ndilo lililonishangaza: -nge- na -ngali-. Watoto wetu huzichanganya, na watu wazima pia, tusidanganyane. Ukifundisha kwa sentensi za kitabu, "ningekuwa tajiri ningenunua gari", wanakariri na kusahau. Lakini simamisha mchezo kabla ya hatua, umwulize mtoto: "Ungempeleka malkia hapa, nini kingetokea?" Jambo bado linawezekana, kete iko hapo hapo. Halafu mwache acheze, apoteze, umwulize: "Usingalimpeleka, je?" Sasa mlango umefungwa. "Nisingalimpeleka, nisingalimpoteza." Tofauti ya viambishi viwili imekaa mezani mbele yake, kete moja ikiwa imeshatolewa ubaoni. Nimeona watoto wakisahihishana uani: "Hujacheza bado, sema unge!"

Drafti nayo ina sentensi zake za masharti. Kwenye vijiwe vingi vya huku kula ni lazima, kwa hiyo mchezo mzima ni mtego wa "ukila hii, nakula mbili". Kwa darasa la tatu, wanaojifunza -ki- ya masharti, hiyo ni nyepesi na inatosha. Usiwapeleke kwenye chesi kwa ajili ya -ki-.

Historia, kwa kifupi

Chesi ni safari: ilianzia Uhindi, ikaenda Uajemi, Waarabu wakaichukua, ikafika Ulaya. Jina la kamusi, sataranji, ni la njia hiyo hiyo ya Bahari ya Hindi iliyotuletea maneno mengi. Watoto hupenda kusikia kwamba malkia wa leo zamani alikuwa waziri, akienda hatua moja moja ya mshazari, na kwamba nguvu zake za sasa alizipata Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Mabinti wa darasa langu waliipokea habari hiyo kwa makofi.

Bao ni la hapa, na lina Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliyejulikana kwa kulipenda. Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, bao halihitaji utetezi. Kwa Sayansi sijapata cha maana katika yote mitatu, na nimeacha kutafuta.

Wazazi, fujo na pesa

Drafti inafundishika kwa dakika kumi. Bao la kusambaza, kipindi kimoja. Chesi, ukitaka kete zote na sheria zote, ni mwezi mzima wa kipindi kimoja kwa wiki, na wiki ya tatu nusu ya darasa wamesahau farasi. Mimi sianzi na kete zote. Wiki mbili za kwanza ni askari peke yao, nane kwa nane, anayefika ng'ambo kwanza ndiye mshindi. Wiki inayofuata naongeza ngome. Farasi anakuja mwisho kama mgeni rasmi.

Kuhusu wazazi, jiandae. Mama mmoja alikuja asubuhi na mapema, amefunga khanga vizuri, amani tele: "Mwangaluka, mwalimu." Nikaitikia, nikamkaribisha kiti. "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome. Ananiambia mnacheza drafti. Baba yake alipotelea kwenye hiyo drafti." Sikubishana naye. Nilimwita mtoto na daftari lake, akamsomea mama yake ukurasa alioandika kuhusu mchezo aliopoteza. Mama akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo huu ni Kiswahili?" Ndiyo, mama. Akaondoka hajaridhika sana, lakini mtoto hakumwondoa.

Ukweli ni kwamba drafti na bao vina harufu ya kijiwe, na drafti wakati mwingine huchezewa soda au pesa. Chesi ina harufu ya shule za kulipia, na mzazi yule yule anayeikataa drafti huifurahia chesi bila kuuliza inafundisha nini. Harufu zote mbili zinapotosha. Ila kama mkuu wako wa shule ni mtu wa kuogopa maneno, chesi itakupunguzia safari za ofisini.

Na zile seti za msaada: najua shule moja, sitaitaja, iliyopewa seti nzuri za plastiki, zikafungiwa kabatini ofisini zisipotee. Hutolewa wakija wageni, watoto wakapigwa picha, zikarudishwa. Kwetu kete hupotea kila wiki. Malkia mmoja tumemzika kwa heshima, na nafasi yake imeshikwa na kifuniko cha dawa ya kikohozi, ambaye kwa maoni ya watoto ana nguvu zaidi.

Kwa hiyo uchukue upi?

Kama una darasa la tatu au la nne na shida yako ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, chimba mashimo. Usinunue kitu.

Kama una kipindi kimoja tu kilichobaki, watoto wamechoka, na unataka wajifunze kusubiri zamu na kusema "ukifanya hivi, nitafanya hivi", weka drafti. Usiitarajie zaidi.

Kama una darasa la tano au la sita, na uko tayari kulipa mwezi mmoja wa kufundisha sheria ili muhula mzima baadaye utumie ubao huo huo kwa grafu, ramani, insha na sarufi, hapo chesi inalipa. Lakini uwe mtu wa kusimamisha mchezo. Mwalimu asiyeweza kuwakatisha watoto wakiwa wamenogewa aiache chesi kwa klabu ya jioni, na hakuna ubaya.

Yule wa Igoma alichukua madawati. Wiki iliyofuata nilimpelekea boksi la friji lililochorwa miraba na mfuko wa vizibo vya soda, 16 vikitazama juu na 16 vikitazama chini, kila kimoja kimeandikwa herufi ya kete yake kwa kalamu ya wino mzito. Mf ni mfalme, Ml malkia, hao walitusumbua hadi tukakubaliana herufi mbili. Nikamwachia onyo moja: vizibo vioshe kwanza kwa sabuni. Sisi hatukuviosha, na sisimizi walifika f4 kabla ya askofu.